Shajara ya Mradi: Kujenga Mfano wa VGO.I, Ndege ya Majaribio ya Mabomu ya Ujerumani ya Mwaka 1915

Tarehe 4 Januari: ndege yenyewe

Mradi unaoanza leo ni wa kujenga kwa mkono mfano wa ndege ya Kijerumani iliyoitwa VGO.I, katika kipimo cha 1:72. Sitatumia boksi la vipande vilivyokatwa tayari kiwandani. Kila kipande kitachongwa, kitakatwa au kukunjwa kutokana na vitu vinavyopatikana dukani, kwa fundi baiskeli na kwenye takataka za fundi umeme. Shajara itafuata kazi hatua kwa hatua, na pale ambapo uamuzi wa ujenzi unategemea historia ya ndege, historia hiyo itaelezwa papo hapo, kwa kuwa katika ndege ya majaribio mambo hayo mawili hayatengani.

VGO.I iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1915 katika mji wa Gotha. Asili yake haikuwa ya vita. Rubani Hellmuth Hirth alikuwa amepanga kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege hadi San Francisco kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915, na mwenye viwanda Robert Bosch wa Stuttgart alikuwa nyuma ya mpango huo. Vita vilipozuka mwaka 1914 safari ile ilikufa, lakini wazo la ndege kubwa kupita kiasi lilibaki. Ferdinand von Zeppelin, ambaye jina lake lilikwisha kufungamana na vyombo vya anga vya gesi, alitaka sasa ndege ya mabawa itakayobeba mabomu mazito na kwenda nayo mbali. Bosch akatoa wahandisi wake, akiwemo Gustav Klein, na usanifu ukawekwa mikononi mwa Profesa Alexander Baumann wa Stuttgart. Nafasi ya kufanyia kazi ilikodiwa kwa kiwanda cha mabehewa cha Gothaer Waggonfabrik, na ndiyo maana karakana iliitwa Versuchsbau Gotha-Ost, ambalo ndilo VGO kwa kifupi.

Vipimo vyake ndivyo vilivyonivuta. Mabawa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa mita 42.2 kutoka ncha hadi ncha. Urefu wa ndege ulikuwa mita 24, eneo la mabawa mita za mraba 332, na uzito wake ikiwa imepakiwa ulifika kilo 9,520. Boeing 737-800, ambayo wasomaji wengi wamewahi kuipanda au kuiona uwanjani, ina upana wa mita 35.8 tu. Hata hivyo, Boeing hiyo ikiwa imejaa hubebesha kila mita ya mraba ya bawa lake zaidi ya kilo 600, ilhali mita ya mraba ya VGO.I ilibeba takriban kilo 29. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kama kilomita 110 kwa saa, mwendo ambao basi la mikoani likikutwa nao barabarani hupigwa faini. Yote haya, yaani mabawa makubwa, uzito mdogo kwa kila mita na mwendo wa polepole, yana chanzo kimoja, nacho ni injini. Naamini kwamba mtu akizielewa injini za VGO.I atakuwa ameielewa ndege yote, na mfano huu nitaujenga kwa imani hiyo.

Tarehe 11 Januari: kuchagua kipindi

Ndege iliyotengenezwa kwa mamia huwa na sura moja inayojulikana. Ndege ya majaribio haina. VGO.I ilibadilishwa, ikavunjika, ikajengwa upya, ikapewa jina jingine na kuongezewa injini, yote hayo katika muda usiofika miaka 2. Anayejenga mfano wake bila kuamua kwanza anajenga mwezi upi wa mwaka upi ataishia na ndege yenye pua ya 1915 na vibanda vya injini vya 1917, kitu ambacho hakikuwahi kuwako.

Mfululizo wenyewe ni huu. Baada ya kuruka Aprili 1915, ndege ilipelekwa Friedrichshafen, kando ya ziwa la Bodensee, palipokuwa na kiwanda cha Maybach, ili injini zake zishughulikiwe, maana hazikuwa za kuaminika. Mwezi Desemba mwaka huohuo, ikiwa njiani kurudi Gotha, injini 2 kati ya 3 zilizimika juu ya milima yenye misitu na theluji, ikalazimika kutua Geroldsgrün, ikavunjika vibaya. Mwaka 1916 ilijengwa upya, ikakabidhiwa Jeshi la Wanamaji na kupewa jina la RML.1, kisha ikapelekwa katika uwanja wa Alt-Auz kwenye medani ya mashariki, mahali ambapo leo ni ndani ya Latvia, kwa mashambulizi dhidi ya Warusi. Huko nako iliharibika. Wakati huo kazi ya ndege kubwa ilikwisha kuhamia Staaken, magharibi mwa Berlin, na ndiko ilikofanyiwa matengenezo ya mwisho na kuongezewa injini hadi zikawa 5. Tarehe 10 Machi 1917 ilianguka katika jaribio la kuruka, na waliopoteza maisha ni pamoja na Gustav Klein na rubani Hans Vollmöller. Zeppelin mwenyewe alikuwa amefariki siku 2 tu kabla ya hapo.

Nimechagua hali ya ndege katika miezi ya kati ya mwaka 1915, kabla ya ajali ya Geroldsgrün. Hiyo ndiyo sura aliyoikusudia Baumann. Sura zilizofuata ni za mafundi waliokuwa wakiziba mapengo kwa haraka ya vita. Si kwamba RML.1 haivutii. Mwenye kupenda ndege zenye bunduki na mabaka ya marekebisho angeichagua hiyo bila kusita. Mimi nataka ionekane hoja ya mwanzo, ikiwa safi, pamoja na udhaifu wake.

Tarehe 18 Januari: mchoro na hesabu

Katika 1:72, upana wa mabawa unakuwa milimita 586 na urefu milimita 333. Mtu mwenye kimo cha mita 1.75 anakuwa na milimita 24, na nitamweka mmoja karibu na gurudumu, kwa sababu bila yeye macho hayawezi kukubali ukubwa wa ndege hii.

Upana wa bawa kutoka mbele kwenda nyuma unabadilika kuelekea ncha, lakini wastani wake unaweza kukaguliwa kwa hesabu ya darasani. Mita za mraba 332 zikigawanywa kwa mabawa 2 yenye mita 42.2 kila moja, wastani ni mita 3.93, yaani karibu milimita 55 katika mfano. Hesabu hii ni ngao dhidi ya michoro mibaya: mchoro wowote ambao wastani wake unatofautiana mno na huo, ama umepanuliwa vibaya au umechorwa kwa kukisia.

Kuhusu kupanua, naomba wanaofuata mradi wa aina hii wazingatie jambo la mashine za fotokopi za steshenari. Niliongeza kwenye mchoro mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kabla ya kuupeleka. Uliporudi, wa kulala ulikuwa milimita 100 kamili na wa kusimama 99. Ni asilimia moja tu, na kwa barua ya kuombea kazi haina madhara. Kwa bawa la milimita 586 ni karibu milimita 6, na nguzo zote zingesimama upande. Dawa yake ni kuugeuza mchoro ili urefu wa bawa uende na upande ule ambao mashine haipunguzi, kisha upana wa bawa urekebishwe kwa rula. Kijana wa steshenari alishangaa nilipomwomba airudie karatasi ileile ikiwa imegeuzwa, lakini alipoonyeshwa mistari miwili alielewa upesi na tangu hapo huniuliza mwenyewe, "Mzee, ya leo tuilaze au tuisimamishe?"

Tarehe 1 Februari: bamba za mabawa

Bamba za plastiki wanazotumia wajenzi wa mifano ng'ambo zinapatikana hapa kwa shida na kwa bei ya kukatisha tamaa. Badala yake natumia bomba la PVC la kupitishia nyaya za umeme, lile jembamba, ambalo ukuta wake una milimita moja na ushei. Linapasuliwa kwa urefu kwa msumeno wa chuma, linatumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka hadi lilegee, halafu linafunuliwa na kubanwa kati ya vioo viwili vinene mpaka lipoe. Sishauri kabisa kulipasha kwa moto wa wazi, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu. Maji ya moto yanatosha na hayavuki kiwango cha hatari. Bamba linalotoka ni la kijivu, laini, linakatika vizuri kwa wembe na linakubali msasa.

Mabawa ya 1915 hayakuwa manene kama ya ndege za baadaye. Yalikuwa membamba, yenye mgongo uliopinda juu na tumbo lililobonyea, na mbonyeo huo wa chini ndio ambao mifano mingi huusahau kwa sababu ni rahisi zaidi kuchonga bawa lenye tumbo bapa. Nimetengeneza kalibu ya mbao ya paini yenye mpindo unaotakiwa, nikaipitisha randa na msasa, na kila bamba linarudi katika maji ya moto kisha linalazwa juu ya kalibu na kufungwa kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli hadi lipoe.

Kila bawa lina bamba mbili zilizogandishwa pamoja, na kati yake imelala spoki ya baiskeli. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote wiki hii. Bawa lenye karibu milimita 590 la plastiki pekee lingelegea katikati baada ya msimu mmoja wa joto, na spoki ya gurudumu kubwa la baiskeli, yenye unene wa milimita 2 na urefu wa karibu milimita 295, inalingana kabisa na nusu ya bawa. Fundi baiskeli alinipa spoki kuukuu zilizonyooka, nikazikata kichwa na kuziunga mbili mbili katikati kwa kipande cha bomba la shaba la milimita 3, ambacho kinazama ndani ya sehemu inayokutana na kiwiliwili. Muungo huohuo ndio unaobeba mwinuko mdogo wa mabawa kuelekea nchani.

Mbavu za bawa zinaonekana chini ya kitambaa katika picha za ndege halisi. Nimezitia kwa kubandika uzi mwembamba wa kushonea juu ya bamba, mstari kwa mstari, kisha nikapaka tabaka kadhaa za rangi ya msingi na kupiga msasa laini hadi uzi ubaki kama mwinuko tu unaohisiwa kwa kidole. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Mabawa yote mawili sasa yamelala juu ya kioo na hayachezi.

Tarehe 15 Februari: kiwiliwili

Kiwiliwili ni sanduku refu lenye pande bapa linalopungua kuelekea mkiani, na hakina mengi ya kueleza. Pande 4 zimekatwa katika plaiwudi ya milimita moja na kuungwa juu ya fremu za ndani. Mbele imefunguliwa kwa ajili ya injini ya pua, na nafasi ya marubani imeachwa wazi nyuma yake, maana katika kipindi hiki walikaa upepo ukiwapiga usoni. Mkia nao ni wa ghorofa mbili kama mabawa, na umetengenezwa kwa bamba la mfuniko wa kikopo cha mtindi kwa kuwa PVC ni nene mno kwa vipande vidogo vile.

Tarehe 1 Machi: vibanda vya injini

Nimefika mahali ambapo mradi huu ulikuwa unaelekea tangu siku ya kwanza, na nitachukua nafasi.

VGO.I ilikuwa na injini 3 za Maybach za aina ya HS, kila moja ikiwa na silinda 6 na nguvu za farasi 240. Moja ilikuwa puani, ikivuta. Nyingine mbili zilikuwa katika vibanda viwili vilivyoshikiliwa na nguzo kati ya bawa la juu na la chini, kila upande wa kiwiliwili, na pangaboi zake zilikuwa nyuma, zikisukuma. Jumla ni nguvu za farasi 720 kwa ndege ya kilo 9,520, yaani kila nguvu moja ya farasi ilikuwa na mzigo wa kilo 13. Kwa kulinganisha, Gotha G.IV, ndege ya mabomu ya injini 2 iliyokuja mwaka 1917, ilikuwa na kilo 3,635 kwa nguvu za farasi 520, ambayo ni kilo 7 tu kwa kila nguvu ya farasi. Injini moja ya VGO.I ikizimika ikiwa na shehena kamili, mzigo unapanda hadi karibu kilo 20. Zikizimika mbili unakaribia kilo 40, na hapo rubani hana tena ndege bali kitu kinachoteremka, na kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua pa kuangukia. Ndicho kilichotokea Desemba 1915, na hapakuhitajika adui.

Baumann na wenzake walijua kwamba injini zitasumbua. Jibu lao lilikuwa kumweka binadamu karibu nazo. Kibanda kwenye bawa hakikuwa kifuniko cha injini tu. Kilikuwa na nafasi ya mtu mbele ya injini, aliyesafiri humo safari nzima akiichunga mashine yake. Baadaye Jeshi la Ujerumani lilipoziweka ndege kubwa kama hizi katika daraja la R, sifa iliyolitenga daraja hilo na ndege nyingine za injini nyingi ilikuwa ni hiyohiyo, kwamba injini ziweze kufikiwa na kuhudumiwa na mafundi ndege ikiwa angani. Mtu anaweza kuliona kama wazo la wakati uliopita. Mimi naliona kuwa la busara kwa wahandisi ambao hawakuwa na injini nzuri na hawakuwa na muda wa kuisubiri.

Kwa hiyo vibanda haviwezi kuchongwa kama vipande vya mbao vilivyojaa. Ni lazima viwe na uwazi, na ndani ya uwazi huo paonekane mahali ambapo mtu wa milimita 24 anaweza kukaa. Nilichonga umbo la kibanda katika mbao ya paini, nikalibonyeza bamba la mtindi lililolainishwa kwa maji ya moto juu yake, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na baada ya kuziunganisha nikatoboa nafasi ya fundi kwa keekee ndogo na kuilainisha kwa tupa ya mviringo. Kiti chake ni kipande cha karatasi ngumu. Silinda za injini ni vipande vya kalamu ya wino iliyokwisha, 6 kwa kila injini, vikiwa vimezungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa ajili ya mabomba, na zinaonekana kidogo tu zikiwa ndani. Lakini mfano wenye giza tupu ndani ya kibanda unasema uongo kuhusu ndege hii.

Kwa anayetaka kuona kitu halisi cha ukoo huu, hakuna ndege nzima iliyosalia. Kilichopo ni kibanda cha injini cha R.VI, mjukuu wa VGO.I, ambacho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya ndege la Kraków nchini Polandi. Picha zake zinasaidia kuelewa jinsi paneli zilivyoungwa, ila zisitumike kwa vipimo, kwa kuwa kibanda cha R.VI kilibeba injini mbili, moja ikivuta mbele na nyingine ikisukuma nyuma, na kwa hiyo ni kirefu zaidi. Njia ya kufika huko ilikuwa ndefu: VGO.III ilijaribiwa kwa injini 6 za Mercedes zenye nguvu za farasi 160 kila moja, zikiwa zimeungwa jozi jozi, kabla ya mpango wa injini 4 wa R.VI kukubalika na ndege 18 za aina hiyo kujengwa. Mabawa ya R.VI yalibaki na upana uleule wa mita 42.2. Baumann alikuwa amepatia mabawa tangu mwanzo. Kilichobadilishwa kila mara ni injini na mahali pa kuziweka.

Nitaje kwa pembeni jambo linaloiunganisha Staaken na upande wetu wa dunia. Katika Staaken hiyohiyo ndiko ilikojengwa zepelini L 59, ambayo Novemba 1917 iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwa na tani zipatazo 15 za dawa, risasi na vifaa vingine kwa ajili ya kikosi cha Lettow-Vorbeck kilichokuwa kikipigana Afrika Mashariki ya Kijerumani. Iliagizwa kurudi ikiwa juu ya Sudani, na ikatua ilikoanzia baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757 bila kituo. Hakuna ndege ya mabawa ya wakati ule ambayo ingeweza hata nusu ya safari hiyo. Ukitazama tarakimu hizo mbili, saa 95 za L 59 na injini zilizozimika juu ya Geroldsgrün, unaelewa kwa nini watu wenye akili zao waliendelea kujenga zepelini sambamba na ndege hizi.

Tarehe 15 Machi: nguzo na magurudumu

Nguzo za kati ya mabawa ni vijiti vya mishikaki. Mianzi haipindi kwa unyevu kama mbao laini na ina nguvu katika unene mdogo. Nimetoboa bati nene matundu yanayopungua ukubwa, kila kijiti kinachongwa ncha kwa wembe na kuvutwa kwa koleo kupitia tundu moja hadi jingine, na mwishowe kinapigwa msasa pande mbili ili kipate umbo la yai linalokata upepo. Kila nguzo ina sindano iliyokatwa katika kila ncha, inayozama katika tundu la bawa. Gundi peke yake isingeaminika kwa mzigo huu.

Kwa kusimamisha bawa la juu nimetengeneza fremu ya vipande vya mbao vyenye kimo sawa, vilivyopangwa juu ya kioo, ili bawa la juu likae juu yake lenyewe wakati nguzo zinaingizwa moja moja. Nilianza na nguzo zinazoshika vibanda vya injini, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua kila kitu kilicho nje yake.

Magurudumu makuu yako chini ya vibanda vya injini, kwa sababu ya wazi kwamba uzito uko hapo, na mengine yako chini ya pua ili ndege isipige kichwa chini inapotua. Tairi ni oringi za mabomba ya maji, na katikati yake nimetia visahani vya PVC vilivyotobolewa kwa bomba la shaba lililonolewa mdomo.

Tarehe 29 Machi: rangi

Wengi wanaoufahamu ukoo wa Staaken huufikiria ukiwa umevaa kile kitambaa kilichochapwa mabaka ya pembe nyingi ya rangi za giza. Kitambaa hicho ni cha nusu ya pili ya vita. Mwaka 1915 ndege za Ujerumani kwa kawaida ziliachwa na rangi ya kitani chenyewe, kikiwa kimepakwa dawa ya kukikaza, na kwa hiyo mfano wangu ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Sikupaka rangi moja kwa usawa. Juu ya mistari ya mbavu nimepitisha rangi nyepesi zaidi kwa brashi kavu, na kati yake rangi nzito kidogo, kwa maana kitani kinapokazwa juu ya ubavu hupokea mwanga tofauti na kinapoelea katikati.

Misalaba ni ile ya chuma yenye mikono inayotanuka kuelekea nje. Msalaba wenye mikono iliyonyooka uliingia mwaka 1918, na kuuweka kwenye ndege ya 1915 ni kasoro ambayo mtazamaji mwenye ujuzi ataiona kabla hajaona kitu kingine. Nimeichora kwa mkono kwa kutumia kalibu ya karatasi yenye nta, kwa brashi karibu kavu, ili rangi isitambae chini ya ukingo.

Tarehe 5 Aprili: nyaya

Kilichobaki ni nyaya za kukazia, na nitaeleza kazi yake kabla ya kueleza zinavyotengenezwa, kwa sababu anayeelewa kazi hawezi kuzikosea. Mabawa mawili, nguzo na nyaya kwa pamoja ni kama daraja la chuma. Zipo nyaya zinazoanzia chini karibu na kiwiliwili na kupanda juu kuelekea nchani. Hizi hubeba uzito ndege ikiwa hewani, pale hewa inapoyasukuma mabawa kwenda juu. Zipo zinazoanzia juu karibu na kiwiliwili na kushuka chini kuelekea nchani. Hizi huyashikilia mabawa yasining'inie ndege ikiwa imeegeshwa au inapotua kwa kishindo. Katika kila nafasi kati ya nguzo na nguzo hizo mbili hukatizana na kufanya alama ya X. Ndege ya mita 42 isiyo na nyaya hizo isingetoka hata mlangoni mwa banda.

Nilifikiria mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia, lakini nailoni hunyonya unyevu na kurefuka, na katika hewa ya pwani ingekuwa imelegea kabla masika hayajaisha. Natumia waya wa shaba uliotolewa katika mota iliyoungua, mwembamba kama unywele. Ngozi yake ya vanishi inaondolewa kwa msasa, kisha kipande kinalazwa juu ya kioo na kuviringishwa chini ya rula ya chuma mpaka kinyooke kabisa. Kila waya unapimwa kwa bikari kati ya ncha zake mbili, unakatwa, na kutiwa mahali pake kwa tone la gundi ya supaglu katika kila mwisho, bila kuvutwa, ili usizipinde nguzo nilizozisimamisha kwa taabu. Shaba ikipakwa rangi ya kijivu nyeusi haitofautiani na chuma katika ukubwa huu.

Kesho naanzia kwenye nyaya zilizo kati ya kiwiliwili na vibanda vya injini, upande wa nyuma, ambako pangaboi za kusukuma zitaacha nafasi ndogo. Zile za nchani zitasubiri, maana zikitangulia mkono hautaingia tena katikati. Pangaboi zenyewe zitakuwa za mwisho kabisa kuwekwa. Zimekwisha kuchongwa, zimepakwa vanishi tabaka mbili na zinakauka juu ya rafu.